Hérouxville: Mji Ulioandikia Sheria Wageni Wasiofika



Ndugu wasomaji, aghalabu msafiri husimulia miji mikubwa, au miji mitukufu, au miji ya jamaa zake. Wiki hii tunawaletea habari za mji ambao hauna bandari, hauna soko la kusifika, wala hauna msikiti. Unaitwa Hérouxville, na wenyewe hulitamka jina hilo “Eruvil”. Uko katika jimbo la Quebec nchini Kanada, na wakazi wake ni takriban 1,300 tu, idadi ambayo harusi moja kubwa ya Mji wa Kale yaweza kuikaribia. Hata hivyo, mwaka 2007 mji huu mdogo ulitajwa katika magazeti ya dunia nzima, na sababu ya kutajwa ilikuwa sisi: Waislamu, na hasa wanawake wa Kiislamu.

Tulifika huko Agosti 2022, sisi wazee wawili, tukiwa wageni wa mwana wetu anayeishi Montreal. Mkewe, mkaza mwana wetu, ni Mngazija. Kifaransa amekisoma tangu utotoni kwao Komoro, na huko Quebec alisomea ualimu akafaulu. Lakini tangu Juni 2019 jimbo hilo lina sheria inayowakataza walimu wa shule za umma, mahakimu, polisi na baadhi ya watumishi wengine kuvaa alama za dini wakiwa kazini. Waliokuwa wameajiriwa kabla ya sheria waliruhusiwa kubaki walivyo madhali hawabadilishi kazi. Yeye hakuwa ameajiriwa. Akaelezwa kwa upole, na kwa upole huohuo akaelezwa tena mahali pengine, kwamba kazi ipo, lakini mtandio hauingii darasani.

Nyumba ikagawanyika. Mwana wetu alitaka wahamie jimbo jirani la Ontario, ambako hakuna sheria ya namna hiyo. Mkewe hakuwa na haraka. Jioni moja alituambia, “Mama, Baba, kabla hatujafunga mizigo nataka nikauone mji ule ulioandika waraka. Watu wamenisimulia sana. Nataka kuuona kwa macho yangu.” Nasi tukasema, haya, twende mwanetu.

Kutoka Montreal barabara hufuata mto mkubwa wa Saint-Laurent hadi karibu na mji wa Trois-Rivières, ulioanzishwa mwaka 1634, kisha hupinda kuelekea kaskazini. Mashamba ya huko si kama yetu. Ni vipande virefu, vyembamba, vilivyopangwa bega kwa bega kama mikeka iliyotandikwa, kwa kuwa zamani kila familia ilipimiwa ardhi yake ili ipate ncha ya mto au ya barabara. Baada ya mji wa Shawinigan vilima huanza kuinuka na misitu husogea karibu. Kisha barabara namba 153 huingia Hérouxville bila kupiga hodi: nyumba za mbao zenye baraza mbele, kanisa lenye mnara, mashamba ya mahindi na ya majani ya ng’ombe, na ukimya. Ukisinzia garini utaupita mji wote.

Mkoa huo huitwa Mauricie, kwa jina la mto Saint-Maurice. Wenyeji wake wa kale ni Waatikamekw, ambao hata leo wana vijiji vyao huko juu ya mto. Wafaransa walilima kwanza kando ya Saint-Laurent, na karne mbili zilipita kabla wajukuu wao hawajapanda kwa wingi kwenye misitu hii. Ilikuwa katika karne ya 19, ardhi ya mababu ilipokuwa haitoshi tena kurithisha watoto. Kijana alichukua shoka na mke, akapewa kipande cha msitu, akaanza kukata. Majira ya baridi wanaume waliingia porini kukata miti, na theluji ilipoyeyuka magogo yaliteremshwa mtoni hadi kwenye viwanda vya mbao na karatasi. Mwanzoni mwa karne ya 20, maporomoko ya Shawinigan yalikuwa yakizalisha umeme na kulisha viwanda vya aluminiamu na karatasi. Nyumba kwa nyumba, ndugu kwa ndugu, ndivyo parokia za mkoa huo zilivyozaliwa. Hérouxville yenyewe ilibeba jina la ukoo wa Héroux, na parokia yake jina la Mtakatifu Timotheo. Mji jirani wa Saint-Tite ukajulikana kwa kushona viatu na bidhaa za ngozi, na tangu mwaka 1967 una tamasha kubwa la wapanda farasi ambalo kila Septemba huvuta maelfu ya watu.

Ili kuwaelewa watu hawa yapasa kurudi nyuma zaidi. Mwaka 1763 Ufaransa iliposhindwa vitani iliikabidhi Uingereza koloni lake, na kuwaacha huko takriban watu 70,000 waliozungumza Kifaransa na kufuata Ukatoliki, chini ya mfalme wa lugha nyingine na dhehebu jingine. Pande zote walizungukwa na Kiingereza. Hawakuwa na jeshi wala mali. Walikuwa na kanisa, lugha na uzazi. Mama wa watoto kumi hakuwa ajabu. Hata hivyo, ardhi ikawazidi nguvu, na kati ya mwaka 1840 na 1930 takriban watu 900,000 waliiacha Quebec kwenda Marekani, wengi wao kwenye viwanda vya nguo. Wajukuu wengi wa hao waliokwenda hawakijui tena Kifaransa. Kila familia iliyobaki ilikuwa na jamaa aliyepotea hivyo.

Kumbukumbu hiyo haijafa. Ndani ya Kanada watu wa Quebec wameshika dola ya jimbo lao na ndio wengi ndani yake. Lakini katika bara zima la Amerika ya Kaskazini ni kisiwa katika bahari ya Kiingereza. Mwaka 1977 walipitisha sheria ya kukifanya Kifaransa kuwa lugha ya kazi, biashara na shule. Sisi watu wa pwani, ambao tumeona Kimvita na Kiamu vikipungua vinywani mwa wajukuu wetu, hatuna budi kuuelewa uchungu wa mtu anayechelea kwamba kesho hapatakuwa na atakayemjibu kwa lugha ya mama yake.

Kuna jambo jingine ambalo wanawake watakaosoma makala haya watalipima wenyewe. Katika Quebec ya zamani kanisa lilikuwa juu ya kila kitu: shule, hospitali, ndoa, hata idadi ya watoto. Wanawake wa Quebec walipata haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa jimbo mwaka 1940, wakiwa wa mwisho nchini Kanada kuipata katika jimbo lao. Hadi mwaka 1964 mwanamke aliyeolewa alihesabiwa kisheria kama mtoto mdogo. Hakuweza kutia saini mkataba bila ya idhini ya mumewe. Mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika bunge la jimbo, Marie-Claire Kirkland-Casgrain, ndiye aliyeisimamia sheria iliyobadilisha hali hiyo. Katika miaka hiyo ya 1960 watu waliyahama makanisa kwa wingi, na serikali ikachukua shule na hospitali. Wao huita kipindi hicho Mapinduzi ya Kimya.

Kwa hiyo mwanamke wa Hérouxville mwenye miaka 75 leo alizaliwa katika nyumba ambayo mama yake hakuweza kuingia mkataba kwa jina lake mwenyewe. Akimwona binti aliyejitanda mtandio, huenda hamwoni binti huyo. Humwona mtawa aliyemfundisha kwa fimbo, na padri aliyemuuliza mama yake mbona mwaka huu hakuzaa. Hilo halihalalishi dhulma yoyote, lakini laeleza mengi.

Sasa tuje kwenye waraka. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Kanada ilimruhusu mwanafunzi wa Kisingasinga wa Montreal kuvaa shuleni jambia dogo la dini yake, kwa masharti ya usalama. Habari kama hizo zikafuatana magazetini: mara Mayahudi wameomba hiki, mara Waislamu wameomba kile. Watu wa vijijini, ambao hawakuwa wamewahi kukaa meza moja na mmoja wa hao, walizisoma kila asubuhi. Januari 2007 baraza la mji wa Hérouxville, kwa msukumo wa diwani André Drouin, likapitisha kanuni za maisha kwa ajili ya wahamiaji ambao wangetaka kuja kukaa. Waraka ulisema kwamba hapo mjini mwanamke anaweza kuendesha gari, kupiga kura, kutia saini hundi na kucheza ngoma. Ukasema uso haufunikwi ila usiku wa Halloween, ambapo watoto huvaa vinyago. Kisha ukasema kwamba hairuhusiwi kuwapiga wanawake mawe hadharani, wala kuwachoma moto wakiwa hai, wala kuwamwagia tindikali.

Wakati huo karibu wakazi wote wa mji walikuwa wazawa wa Quebec, wa asili ya Kifaransa na malezi ya Kikatoliki. Wahamiaji walioandikiwa sheria hawakuwapo. Hakuna aliyekuwa amepiga hodi.

Mkaza mwana wetu alitusomea baadhi ya maneno hayo garini, akiyafasiri polepole. Tulinyamaza kwa muda. Kutukanwa na adui ni jambo lenye dawa yake, lakini hawa hawakuwa maadui. Walikuwa watu wasiotujua kabisa, waliotuandika kwa yale waliyoyaona kwenye televisheni. Wahenga walisema usilolijua ni kama usiku wa giza, na katika giza hata kamba huonekana nyoka.

Lililofuata ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Waislamu wa Kanada wangeweza kwenda mahakamani, au kuandamana, au kujibu tusi kwa tusi. Februari 2007 ujumbe wa wanawake wa Kiislamu kutoka jumuiya ya Canadian Islamic Congress ulifunga safari hadi Hérouxville katikati ya theluji. Walikwenda na mitandio yao, na walikwenda na vyakula na zawadi. Wakaketi na wakazi wa mji, wakala pamoja, wakaulizwa maswali na wakajibu. Baadhi yao walizungumza Kifaransa kizuri kama cha wenyeji wao. Siku chache baadaye baraza la mji likayafuta katika waraka yale maneno ya kupiga mawe na kuchoma moto.

Hatusemi kwamba sahani ya tamutamu iliponya kila kitu. Waraka haukufutwa wote. Lakini maneno mabaya zaidi yalikaa muda mfupi tu baada ya walioandikiwa kuonekana nyuso.

Mwezi huohuo Waziri Mkuu wa Quebec, Jean Charest, aliunda tume ya kuchunguza ugomvi huo, chini ya mwanahistoria Gérard Bouchard na mwanafalsafa Charles Taylor. Tume ilizunguka jimbo zima ikiwasikiliza watu, na ripoti yake ikatoka Mei 2008. Ilipochunguza visa vilivyovuma zaidi magazetini iligundua kwamba vingi havikutokea kama vilivyosimuliwa. Kimoja kilihusu Waislamu waliokwenda kwenye kibanda cha sukari, mahali ambapo watu hukusanyika mwishoni mwa baridi kula vyakula vya shira itokanayo na maji ya mti. Ilivuma kwamba Waislamu wamewanyima wateja wote supu yao yenye nguruwe na kuwafukuza wachezaji ngoma ili waswali. Ukweli ni kwamba chakula kisicho na nguruwe kilikuwa chao wenyewe, kwa makubaliano ya mapema, na swala ilichukua dakika chache.

Tume ilihitimisha kwamba tatizo kubwa lilikuwa la jinsi mambo yalivyodhaniwa kuliko yalivyokuwa. Ilipendekeza mahakimu na polisi wasivae alama za dini, lakini walimu wasikatazwe. Ushauri huo juu ya walimu ndio ambao sheria ya mwaka 2019 iliupuuza. Na kati ya ripoti na sheria hiyo ilipita siku ambayo hatuwezi kuiruka: tarehe 29 Januari 2017, kijana mmoja aliingia kwa bunduki katika msikiti wa mji wa Québec baada ya swala ya Isha, akawaua waumini sita. Mwenyezi Mungu awarehemu. Maneno yanapoachwa bila kujibiwa hayabaki karatasini daima.

Turudi mjini. Adhuhuri ilikuwa imeingia. Tulisimama karibu na kanisa, penye nyasi na kivuli, tukatafuta kibla. Sisi wa Mombasa kibla chetu ni kaskazini karibu moja kwa moja, na mazoea hayo yamo mwilini. Huko kibla ni kaskazini mashariki, nasi tulijikuta tukipinda mabega kama watoto wanaojifunza. Mwana wetu alitazama kulia na kushoto. Hatutaficha: tuliogopa kidogo. Tuliswali.

Tulipotoa salamu, mama mmoja wa makamo yetu alikuwa amesimama upande wa pili wa uzio na kikapu mkononi. Hatukujua alikuwa hapo tangu lini. Alisubiri hadi tulipokunja miswala, kisha akasema neno kwa Kifaransa. Mkaza mwana wetu akajibu. Uso wa mama yule ulibadilika. Alikuwa ametarajia Kiingereza, na badala yake alijibiwa kwa lugha yake, na binti aliyejitanda mtandio. Alimuuliza ameisoma wapi. Akaambiwa ni Komoro, kisiwani, katikati ya bahari ya Hindi. Mama yule akauliza kama huko nako kuna watu wanaozungumza Kifaransa. Wakacheka wote wawili.

Walizungumza kwa muda mrefu kando ya uzio, nasi tukipata fasiri ya vipande vipande. Watoto wake watatu wote wameondoka, wawili wako Montreal na mmoja yuko mbali zaidi. Si wake peke yake: Mauricie ni miongoni mwa mikoa ya Quebec yenye wazee wengi zaidi, na nyumba nyingi za vijijini humngoja mtu ambaye harudi. Kisha, bila kuulizwa, akasema kwamba watu wa nje wanaujua mji wao kwa karatasi ile tu, na kwamba hilo linamuuma. Mkaza mwana wetu akamjibu, “Nasi pia, bibi, watu hutujua kwa karatasi.”

Alitupa nyanya kutoka kikapuni mwake. Sisi tulikuwa na halua tuliyoibeba kutoka Mombasa. Tukamkatia kipande kikubwa, naye akakionja palepale na kusema ni tamu mno kwa meno yake, ila hakukirudisha.

Njiani kurudi hatukusema mengi. Tulifikiri juu ya pwani yetu. Sisi nasi tuna wageni. Ni mara ngapi barazani tumemhukumu mtu wa bara kabla hajafungua kinywa? Ni mara ngapi tumesema “watu hawa wana tabia hii na hii” ilhali hakuna hata mmoja wao aliyewahi kula kwetu? Hatujaandika waraka, lakini kuna nyaraka ambazo huandikwa kwa ulimi na kusomwa na watoto wetu. Suratul Hujurat imetufunza kwamba kuumbwa kwetu mataifa na makabila kuna makusudio, nayo ni kujuana. Kujuana ni kazi: yataka nauli, yataka chakula, na mara nyingine yataka mwanamke awe na moyo wa kupita kwenye theluji akaketi na watu waliomwandikia maneno ya aibu.

Wala tusijidanganye kwamba subira ya namna hiyo ni bure. Anayeilipa ni yule anayenyimwa kazi. Mkaza mwana wetu hakuomba kuwa mwalimu wa jimbo zima juu ya dini yake. Aliomba kufundisha watoto hesabu. Si haki kwamba mwenye kudhulumiwa ndiye abebe sahani kila siku, na tulimwambia hivyo.

Tulipoondoka Montreal alikuwa na barua mbili mezani: moja ya shule ya binafsi hapohapo, ambayo sheria ile haikuigusa, kwa mshahara mdogo zaidi, ya pili ya shule ya umma huko Ontario, ambako angefundisha Kifaransa na mtandio wake kichwani. Mumewe alitaka ile ya pili. Yeye alisema jambo moja tu: “Mama, wakiondoka wote wanaoweza kuzungumza na yule bibi, nani atabaki wa kumjibu?” Hatukuwa na jibu. Tuliwaombea dua, tukawaachia halua iliyobaki.

Wabillahi tawfiq.